Mteja wa saa kumi: namna kampuni yetu ya miadi ya saluni inavyokua Dodoma

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, wabunge wakiwa mjini kwa mkutano wa bajeti na nyumba za wageni zikiwa zimejaa kama ilivyo kawaida ya msimu huo, nilipigiwa simu na mwenye saluni wa Area C ambaye ni miongoni mwa wateja wetu wa mwanzo kabisa. Hakunisalimia, jambo ambalo si desturi yake, kwa sababu ni mama wa Kigogo ambaye hata anayekuja kumdai humwambia "mbukwenyi" kwanza. Alisema tu, "Mwanangu, njoo uone ulichonifanyia."

Nilipofika nilimkuta msusi wake mmoja ameketi, mikono mapajani, pakiti za rasta bado hazijafunguliwa. Alikuwa amemngoja mteja tangu saa nne asubuhi, na katika kumngoja huko alikuwa amewarudisha watu wawili walioingia kutoka barabarani wakitaka kusukwa. Mteja mwenyewe alifika saa kumi jioni, amepumzika, ametabasamu, na alipoulizwa alikokuwa alitoa simu na kutuonyesha ujumbe tuliomtumia sisi wenyewe: "Miadi yako ni Jumamosi, 10:00." Akasema, "Nimeandikiwa kumi, nimekuja kumi. Kosa langu liko wapi?" Hakuwa na kosa lolote. Kalenda tuliyoijengea programu yetu ilitengenezwa na watu wanaohesabu saa kuanzia usiku wa manane, nasi tuliozaliwa katika lugha inayohesabu saa kuanzia mapambazuko tulikuwa tumeuona ujumbe huo kwa miezi kadhaa bila kuushtukia.

Sababu ya kutoushtukia ndiyo inayonifanya niihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa kukua kwetu. Hadi wakati huo karibu wateja wote waliokuwa wakiweka miadi kupitia kwetu walikuwa watumishi wa ofisini, watu ambao 10:00 kwao husomeka saa nne bila kufikiri, kwa kuwa barua za mikutano na ratiba za kazi zimewazoesha. Yule mteja wa saa kumi alikuwa mfanyabiashara wa sokoni Majengo. Alikuwa mtu wa kwanza, au wa kwanza tuliyemtambua, kutoka nje ya kile kikundi kidogo tulichokuwa tukikiita soko letu. Tangu juma lililofuata ujumbe wetu husema "saa 4:00 asubuhi", na neno asubuhi haliachwi hata pale linapoonekana la ziada.

Niseme kidogo tulivyoanza. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini, na ile ya mwaka 2022 ikawakuta 765,179, ongezeko ambalo kila anayepanga nyumba Kisasa au Ilazo analifahamu bila kuonyeshwa takwimu. Serikali ilianza kuhamia hapa kwa kishindo mwaka 2016, mji ukatangazwa kuwa jiji mwezi Aprili 2018, na wizara zikahamia Mtumba, nje kidogo ya mji. Mtumishi wa Mtumba anatoka kazini saa tisa na nusu, anapanda daladala, anafika mjini jioni na kukuta foleni ya watu sita katika saluni anayoipenda. Hawezi kusukwa siku hiyo, wala hajui kama kesho itakuwa tofauti. Wengi wao walikuwa wakisubiri safari ya Dar es Salaam ili wakatengenezwe nywele huko na wasusi wao wa zamani. Tulichofanya mwanzoni kilikuwa kidogo sana: tuliwawezesha kuona kwa simu ni saluni ipi ina nafasi na saa ngapi, na kuishika.

Biashara ya namna hii si ngeni duniani, na nimejifunza mengi kwa kuisoma historia yake. Wahanda ilianza London mwaka 2008, ikanunuliwa na kampuni ya Kijapani ya Recruit mwaka 2015 na kuchukua jina la Treatwell. StyleSeat ilianzishwa San Francisco mwaka 2011, na Booksy ilianza nchini Poland mwaka 2014. Njia zao za kupata fedha zinatofautiana, kwa kuwa wapo wanaotoza saluni ada ya kila mwezi na wapo wanaochukua asilimia fulani pale tu wanapoleta mteja mpya. Lakini ugumu wa mwanzo ulikuwa mmoja kwa wote. Mteja haji mahali pasipo na saluni, na saluni haijiandikishi mahali pasipo na wateja. Njia mojawapo ya kutoka katika fundo hilo, ambayo nasi tuliifuata, ni kumpa mwenye saluni kwanza kitu kinachomfaa hata kama hatuleti mteja hata mmoja, yaani daftari lililo bora kuliko alilonalo.

Hapo ndipo tulipodharau daftari. Lile la Area C ni daftari la shule lenye kurasa mia moja, limefungwa kwa mpira kwenye meza ya mapokezi, na niliposoma ukurasa mmoja wake nilikuta mistari ya namna hii: "Mama Neema rasta ndefu, anakuja na nywele zake, afumue kwanza." Na mwingine: "Dada wa benki, asipewe Ijumaa." Programu yetu ilikuwa na nafasi ya jina, huduma na saa. Haikuwa na mahali pa kuandika kwamba mteja anakuja na nywele zake, wala kwamba misuko ya zamani bado haijafumuliwa, mambo mawili ambayo yanaweza kuongeza saa mbili katika kazi na kuiharibu siku nzima ya msusi. Sasa anayeweka miadi ya kusuka huulizwa maswali matatu: umefumua, umeosha, na nywele za kusukia utaleta au utanunua hapa. Sijaona mabadiliko mengine tuliyofanya yaliyopunguza malalamiko kwa kiasi hicho, na hakuna aliyehitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta ili kuyabuni. Yalikuwa kwenye daftari muda wote.

Jambo la pili lilichukua muda zaidi kueleweka. Programu za Ulaya na Marekani huhesabu kiti: kiti kimoja, mtu mmoja wa kuhudumia, dakika arobaini na tano, kisha mwingine. Katika saluni zetu kinachohesabiwa ni mikono. Rasta nyembamba zinazomchukua msusi mmoja saa saba zinaweza kumalizika kwa saa tatu wasusi wakiwa watatu kwenye kichwa kimoja, mmoja nyuma na wawili pembeni, na uamuzi wa kuongeza mikono hufanywa papo hapo na mwenye saluni kulingana na nani yupo na nani anadai haraka. Kalenda ya viti ilikuwa ikionyesha kwamba saluni ina nafasi wakati wasusi wote wako kwenye kichwa cha bibi harusi, au kwamba imejaa wakati wawili wanapiga soga mlangoni. Tulibadilisha hesabu ikawa ya wasusi, na mwenye saluni anaweza kumhamisha msusi kutoka kichwa kimoja hadi kingine kwa kubonyeza mara moja, muda wa kumaliza ukajirekebisha wenyewe. Kwa vinyozi hatukuhitaji haya yote. Kunyoa ni nusu saa, na kwa kweli wanaume wengi wa mji huu hawaweki miadi. Wanapita, wanachungulia, wanarudi baadaye.

Kilichotukuza hasa, hata hivyo, ni kianzio, yaani fedha anayotanguliza mteja. Mteja anayeshika nafasi na asitokee humgharimu msusi mchana mzima, na wasusi wengi hapa hawana mshahara: hugawana na mwenye saluni kwa kila kichwa, au hukodi kiti na kulipa kwa wiki, hivyo kiti kikikaa kitupu hasara ni yao kwanza. Katika nchi nyingine kampuni hizi huhifadhi namba ya kadi ya benki ya mteja na kukata faini asipotokea. Huku njia hiyo haina maana, kwa kuwa wateja wetu wengi hawana kadi ya kulipia mtandaoni, ila kila mmoja ana fedha kwenye simu. M-Pesa imekuwapo nchini tangu mwaka 2008, na hakuna anayehitaji kufundishwa kulipa kwa Lipa Namba. Basi tuliweka sharti kwamba miadi ya kusuka haihesabiki mpaka mteja alipe shilingi elfu tano, ambazo hukatwa kwenye bei siku ya kazi, na hurudishwa akighairi kabla ya saa mbili usiku wa kuamkia siku hiyo.

Wenye saluni walilipinga. Walisema mteja ataona ametukanwa, kwamba mtu wa heshima haombwi fedha kabla ya kuhudumiwa, na mmoja aliniuliza kama ningemdai mama yangu kianzio. Nilidhani wana haki, na tuliahirisha miezi miwili. Kilichobadilisha mawazo yao si maneno yetu, bali wiki ya kabla ya Idi, ambapo saluni moja ilipokea miadi mingi kuliko uwezo wake, ikakataa watu, na asubuhi nusu ya walioshika nafasi hawakuonekana kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshika nafasi katika saluni tatu ili awe na uhakika. Waliokataliwa walikwenda kwingine na wengine hawajarudi hadi leo. Baada ya wiki hiyo mwenye saluni huyo aliomba kianzio yeye mwenyewe, na wenzake wakafuata mmoja mmoja. Na wateja? Walilipa bila maneno mengi. Nadhani kulipa kuliwapa kitu ambacho hawakuwa nacho kabla, yaani haki ya kukasirika wakikuta kiti chao kimekaliwa na mtu mwingine.

Kwa mteja asiye na simu janja, au aliyeishiwa bando, tuna njia ya meseji ya kawaida. Ni njia ghali kwetu kwa sababu kila meseji tunailipia, na mwenzangu wa hesabu huniuliza kila mwezi kama tunaihitaji. Tunaihitaji.

Mgogoro ambao sikuutarajia ulihusu namba za simu. Mwaka jana msusi hodari wa ile saluni ya Area C aliondoka na kufungua kibanda chake Ihumwa, akaniomba nimhamishie wateja wake, watu aliowasuka kwa miaka minne na ambao walikuwa wakiweka miadi kwa kulitaja jina lake. Mwenye saluni alisema hao ni wateja wa saluni, wamepatikana kwa kodi anayolipa yeye na kwa umeme anaoununua yeye. Wote wawili walikuwa na hoja. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haitazami hoja zao. Inamtazama mwenye namba. Mteja alitupa simu yake kwa ajili ya miadi ya saluni ile, na hatuna ruhusa ya kuipeleka kwingine bila ridhaa yake. Tulikataa kuhamisha orodha. Tulichofanya ni kumfungulia msusi yule ukurasa wake, na mteja anayelitafuta jina lake humkuta huko Ihumwa na kuamua mwenyewe.

Kwa hili mama wa Area C alininunia wiki mbili, na ninakiri kwamba nilipita barabara ya pili ili nisipite mlangoni kwake. Wiki ya tatu alipiga simu, na safari hii alianza na salamu, akauliza habari za nyumbani, akauliza kama mvua imefika kwetu, kisha akasema kwamba mahafali ya vyuo yanakaribia na anataka kianzio cha rasta kiongezwe hadi elfu kumi kuanzia Jumatatu. Nilimuuliza kama ana hakika. "Wewe andika," akasema, "na uandike asubuhi ni asubuhi."