Kapandeni Bustani Babeli

Neno la wiki: Yeremia 29:4-7

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Barua ya Yeremia kwa mateka wa Babeli tunaijua kwa aya ya 11, ile inayoandikwa kwenye kalenda na vioo vya matatu. Wiki hii turudi nyuma kidogo: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake."

Sura moja kabla, nabii Hanania alikuwa ametangaza kwamba baada ya miaka miwili mateka watarudi kwao. Sasa nani atapanda mti mahali anapohama mwaka kesho kutwa? Yeremia anawaambia ni miaka sabini. Yaani wengi wenu mtazikwa huku huku, shikeni majembe.

Tuseme ukweli, Nairobi tunaishi kwa unabii wa Hanania. Ploti ni ya mwenye nyumba, mto ni wa kaunti, na miti ni mambo ya nyumbani, kule tunakoenda Desemba. Kule huthubutu kugusa mti wa mpakani bila kuongea na wazee. Hapa mfuko wa taka unarushwa mtoni giza likiingia, na anayeurusha Jumapili yuko kwaya.

Wapo waliokataa kuishi hivyo. Msitu wa Karura, hapa Nairobi, ulipogawiwa watu binafsi miaka ya 1990, Wangari Maathai na wenzake waliuendea na miche. Tarehe 8 Januari 1999 walivamiwa, yeye akapasuliwa kichwa, na taarifa yake kwa polisi akaitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Kisa hicho tunakisimulia sana. Mimi hunigusa zaidi yaliyofuata, ambayo hayakuvuta kamera. Msitu ulikuwa umepona lakini watu waliogopa kuingia. Majirani, matajiri wa upande mmoja na watu wa kijiji cha Huruma wa upande mwingine, wakaunda chama cha jamii na kushirikiana na Huduma ya Misitu, jambo lililoruhusiwa na sheria ya mwaka 2005. Ua ukajengwa, vijana wakawa walinzi. Kisha ikaja kazi ya kung'oa lantana, kichaka chenye vimiiba vinavyochubua mikono, ambacho ukikata shina ukaacha mzizi, mvua ikinyesha kinachipuka upya. Mikaratusi nayo ikapunguzwa awamu kwa awamu ili miti ya asili, kama muhugu, ipate nafasi. Leo watoto wa mjini wanaenda kule kuona mbega.

Kuna atakayesema hiyo ni kazi ya mashirika, kanisa lihubiri Injili. Lakini aya ya 7 inawaagiza mateka wautakie amani mji wa kipagani na kuuombea, "kwa maana katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani." Mafuriko ya 2024 yalipopita Mathare hayakumuuliza mtu kwao ni wapi.

Kupanda tunapenda, hasa picha ikipigwa. Kwa hiyo ushirika wa nyumbani wa juma hili, kila kikundi kichague sehemu moja ya kufikika kwa miguu: ukingo wa mto, uwanja wa shule, hata kile kipande nyuma ya kanisa. Tutapanda mvua za vuli zikianza. Ila kabla ya kuagiza mche wowote, leteni kwanza majina ya watakaobeba mitungi ya maji Januari na Februari, na zamu zao.