Nilivyoandika historia ya Shaolin ninayoweza kuitetea

Kijitabu cha wanafunzi wapya wa chama chetu cha kungfu hapa Dar es Salaam sasa kina kurasa za historia ambazo ninaweza kuzitetea sentensi kwa sentensi, na sioni haya kusema kwamba ninajivunia. Toleo la zamani lilianza, kama vijitabu vingi vya aina hiyo, na habari za Damo, yaani mtawa Bodhidharma: kwamba alitoka India, akawakuta watawa wa Shaolin, hekalu la Kibudha nchini China, wamedhoofika kwa kukaa wakitafakari, akawafundisha mazoezi, na kutokana na mazoezi hayo zikazaliwa sanaa zote za mapigano za China. Nilipokabidhiwa kazi ya kuliandika upya, karibu kila niliyemwomba ushauri aliniambia niinakili hadithi hiyo kama ilivyo. Mkufunzi mmoja anayeheshimika alinieleza kwamba historia ya kungfu imo mwilini mwa anayeicheza, haimo katika karatasi. Mwingine alinishauri nichukue orodha za walimu zinazotundikwa ukutani katika kumbi za mazoezi, nizifuate kurudi nyuma hadi zinifikishe kwa Damo. Ushauri huu wa pili ndio ulionikera zaidi, kwa sababu wengi wa walioziandika orodha hizo walikuwa wamekwisha kuamua wanataka kufika kwa nani.

Njia iliyonifaa ilikuwa rahisi, na ninamsihi yeyote anayeanza kazi kama hii aijaribu kabla ya kununua kitabu hata kimoja. Nilichukua karatasi za manila, nikazigawa safu mbili. Katika safu ya kwanza niliandika mwaka ambao kila andiko linadai kuandikwa. Katika ya pili, mwaka ambao tunapata ushahidi wa kwanza kwamba andiko hilo lilikuwapo kweli. Miaka hiyo ikikaribiana, nasonga mbele. Ikiachana kwa karne kadhaa, nasimama kuuliza ni nani aliyekuwa na haja ya kuliongezea andiko hilo umri. Gharama haikuwa kubwa: karatasi, kopi nyingi, na chakula cha mchana mara kwa mara kwa mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akinisomea vifungu vya Kichina cha kale.

Hapo ndipo kilipodondoka Yijin jing, kitabu cha mazoezi ya kuimarisha kano na misuli ambacho ndicho mzizi wa hadithi yote ya Damo. Kina dibaji mbili. Ya kwanza imetiwa jina la Li Jing, jenerali mkubwa wa enzi ya Tang, ikidai kuandikwa katika karne ya 7. Ya pili imetiwa jina la Niu Gao, aliyepigana chini ya Yue Fei, jenerali wa enzi ya Song, ikidai mwaka 1142. Dibaji ya Li Jing inasimulia kwamba Damo, baada ya kukaa miaka tisa akiuelekea ukuta, aliacha sanduku la chuma lililokuwa na vitabu viwili, na kwamba kimojawapo kilipita mikononi mwa watu kadhaa hadi kikamfikia jenerali mwenyewe. Nilimwomba yule mwanafunzi anisomee majina ya watu hao mmoja mmoja, polepole, huku nikimtafuta kila mmoja wao. Tulipofika kwa aliyemkabidhi Li Jing kitabu, tulikuta ni Qiuran Ke, shujaa mwenye ndevu za msokoto. Huyu ni mhusika wa kubuni! Anatoka katika hadithi maarufu ya enzi ya Tang, ambamo Li Jing naye amefanywa mhusika. Jenerali wa kweli asingeweza kupokea kitabu kutoka kwa mtu aliyezaliwa katika hadithi iliyotungwa muda mrefu baada ya jenerali huyo kufariki mwaka 649. Wanahistoria wanakiweka kitabu hiki mwaka 1624, na nilipoandika tarakimu hizo katika safu ya pili, umbali kati yake na safu ya kwanza ulikuwa wa karibu miaka elfu moja.

Nilirudi basi kwa Damo mwenyewe. Andiko la mapema zaidi linalomtaja ni la Yang Xuanzhi, la mwaka 547, kuhusu mahekalu ya mji wa Luoyang. Linamwonyesha mtawa mzee, aliyetajwa kuwa mtu wa Uajemi, akistaajabia uzuri wa mnara wa hekalu la Yongning. Hakuna ngumi wala mazoezi humo. Shaolin yenyewe ilijengwa mwishoni mwa karne ya 5, kwa amri ya mfalme Xiaowen wa Wei ya Kaskazini, kwa ajili ya mtawa mwingine kabisa kutoka India, Batuo.

Je, watawa hawakupigana? Walipigana, na ushahidi umechongwa kwenye jiwe. Ndani ya Shaolin, chini ya mlima Song, lipo jiwe la mwaka 728 lenye barua ya Li Shimin ya mwaka 621, wakati alipokuwa akipambana na Wang Shichong, mpinzani wake wa kuwania utawala, kabla Li hajawa mfalme. Watawa walimteka mpwa wa Wang Shichong, nao wakapata ardhi ya qing 40, kipimo cha kale cha ardhi cha China, pamoja na kinu cha maji. Majina 13 ya waliotuzwa yameorodheshwa. Jiwe linatueleza kwamba walipigana, tena kwa sababu inayoeleweka, kwani shamba lao lilikuwa limenyakuliwa. Halielezi walipigana kwa mtindo gani. Ninawashauri wanaoandika vijitabu wakae na kimya hicho cha jiwe, wasikijaze kwa mitindo ya wanyama watano.

Mtindo unajitokeza wazi katika enzi ya Ming, na ni wa fimbo ndefu. Jenerali Qi Jiguang, katika kitabu chake cha mafunzo ya kijeshi cha karne ya 16, anazitaja shule nyingi za ngumi za zama zake, lakini anapofika Shaolin anataja fimbo. Mwenzake Yu Dayou alipita hekaluni, akawatazama watawa, akaona kwamba wameipoteza siri ya fimbo yao wenyewe, akaondoka na vijana wawili kwenda nao kusini awafundishe kwa takriban miaka mitatu. Kisa hiki nimekipa nafasi kubwa kijitabuni, maana kinaonyesha maarifa yakiingia hekaluni kutoka kambi ya jeshi, wakati ambapo sisi tumezoea kusimulia yakitoka tu. Mwanzoni mwa karne ya 17 Cheng Zongyou, aliyejifunza Shaolin kwa zaidi ya miaka kumi, aliandika kitabu kizima kuhusu fimbo hiyo, akaeleza kwamba watawa walikuwa wakijitahidi wakati huo kuifikisha ngumi kwenye kiwango cha fimbo. Ngumi ya Shaolin inayojulikana duniani kote ilikuwa bado inajengwa.

Hadithi ya Damo ilipata nguvu zake za leo baadaye sana, kupitia riwaya moja ya mwanzoni mwa karne ya 20 na kitabu cha siri za ngumi ya Shaolin kilichotoka mwaka 1915. Aliyeivunja ni Tang Hao, mwanasheria aliyefanya kazi katika Taasisi Kuu ya Guoshu, yaani sanaa za mapigano za kitaifa, ya Nanjing, kwa utafiti wake wa mwaka 1930 kuhusu Shaolin na Wudang, mlima mwingine unaohusishwa na sanaa hizo. Alikwenda pia Chenjiagou, kijiji cha Henan ilikotunzwa taijiquan (tai chi) ya ukoo wa Chen, na kuonyesha kwamba kati ya mikao 32 ya ngumi aliyoichora Qi Jiguang, 29 inapatikana katika mazoezi ya ukoo huo. Kulinganisha mikao kwa mikao kama alivyofanya yeye kunahitaji uvumilivu, lakini kunathibitisha mengi kuliko orodha yoyote ya ukutani.

Yule mkufunzi wa historia ya mwilini alisoma rasimu yangu, akauliza kama Damo ataondolewa kabisa. Nilimjibu, "Hapana, mwalimu," nikamwonyesha ukurasa alipo: anatajwa kama mwasisi wa Chan, madhehebu ya Kibudha ya kutafakari, anayeheshimiwa Shaolin, na chini yake imeandikwa kwamba kumhusisha na mazoezi kulianza na kitabu cha mwaka 1624. Aliomba tuongeze picha ya jiwe la mwaka 728 kwenye toleo linalofuata, nami nimekwisha kuitafutia nafasi mkabala na orodha ya wale watawa 13.