Jakuzi uani, nyuzi 20 chini ya sifuri

Nyumba tuliyoinunua kaskazini mwa Minneapolis, Marekani, ilikuja na jakuzi uani, yaani beseni kubwa la kukaa kwenye maji ya moto yanayosukumwa na pampu. Mwenye nyumba wa zamani hakutaka gharama ya kulihamisha, akatuachia. Mume wangu alitaka tulipige bei kabla hata hatujamaliza kufungua maboksi. Kwake yeye, maji ya moto ya kuogea nje ni yale ya chemchemi za Galanos kule Amboni, Tanga, ambako ukitoka majini jua linakukausha kabla hujazifikia nguo zako. Hapa Minnesota, usiku wa kawaida wa Januari hushuka hadi nyuzi 13 chini ya sifuri, na zikija siku mbaya ni 25 au 30. "Utatoka humo kama samaki wa friza," akaniambia.

Nikagoma. Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee. Kutwa nzima ni kuinua, kugeuza na kusukuma viti vya magurudumu, na jioni mgongo unadai haki yake. Tena vitu hivi vilianza kwa ajili ya maumivu, wala si starehe. Akina Jacuzzi walikuwa ndugu Waitaliano waliohamia California, watengenezaji wa pampu za maji, na katika miaka ya 1950 mmoja wao, Candido, alibuni pampu ya kutumbukiza ndani ya bafu kwa ajili ya mwanawe mdogo aliyeugua baridi yabisi. Starehe ilifuata baadaye, pamoja na taa za rangi na vishikio vya glasi, ambavyo mpaka leo sijaona kazi yake.

Sasa tumeshapita majira kadhaa ya baridi nalo, na mume wangu ndiye anayeuliza kila Ijumaa maji yako nyuzi ngapi. Ninaloweza kumwambia anayefikiria kununua ni hili: ndani ya maji hakuna shida. Ukishaketi kwenye nyuzi 38 au 39, baridi unaisikia masikioni tu. Shida zote ziko nje ya maji, na karibu zote humalizwa kabla theluji haijaanguka.

Kwetu kazi huanza Oktoba. Maji ya jakuzi hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu au minne, kwa hiyo tunapanga tarehe ili zamu isiangukie Januari. Ikifika Januari bomba la nje limeshafungwa lisipasuke, mpira wa maji umekauka kama fimbo, na maji utakayoyamwaga yatakugandia uani yawe uwanja wa kuteleza. Tunamwaga Oktoba mwishoni, tunasugua ndani, tunajaza upya kukiwa bado hakujaganda. Kujaza tunapitishia mpira kwenye tundu la chujio, ili hewa isinaswe kwenye pampu.

Hapo ndipo hesabu ya umeme inapojitokeza. Letu linabeba lita 1,400 hivi. Kupandisha maji kiasi hicho kwa nyuzi moja tu kunahitaji takriban uniti 1.6. Maji ya bomba yakiwa nyuzi 10 na wewe unataka 40, ni uniti kama 49 kabla hujatia mguu. Hita yetu ni ya kilowati 5.5, inayotumia umeme wa volti 240, kwa hiyo inamaliza kazi hiyo kwa saa tisa hivi. Yapo majakuzi ya bei nafuu yanayochomekwa kwenye soketi ya kawaida ya hapa, ya volti 120, na hita yake huwa ya kilowati moja au moja na nusu. Kwa maji yaleyale, hita ya kilowati moja itahitaji zaidi ya siku mbili, na nyingi haziwezi kupasha moto wakati pampu kubwa inapiga maji. Wakati wa kiangazi hilo halina neno. Usiku wa Februari, umekaa, kifuniko kiko wazi, pampu inavuma, unayaona maji yanapoa huku hita imelala. Kwa baridi ya huku mimi nisingelinunua hata kwa nusu bei.

Umeme wenyewe alikuja kuukagua fundi mwenye leseni. Lazima pawe na breka inayokata yenyewe pale umeme unapovuja, na swichi ya kuzimia yote iliyo mahali unapoiona ukiwa kwenye jakuzi lakini mbali kidogo, angalau futi tano, usiweze kuifikia umekaa majini. Hapa usijifanye fundi.

Halafu kifuniko. Watu wanaulizia nguvu za pampu na idadi ya matundu ya kukanda mgongo, lakini bili ya umeme ya Januari inaamuliwa na kifuniko. Chetu ni mabamba mawili ya povu gumu yaliyovikwa reksini, manene katikati na membamba pembeni ili maji na theluji iliyoyeyuka viteremke. Chini yake tumetandaza plastiki nyepesi yenye viputo inayoelea juu ya maji. Joto karibu lote linatorokea juu, na mvuke ndio unaolibeba. Ukiona theluji imeyeyuka kwenye mstari pale mabamba mawili yanapokutana, ujue mvuke unapenya hapo na pesa zako ziko njiani kwenda mbinguni.

Theluji juu ya kifuniko tunaifagia kwa ufagio laini, tena mapema, kabla haijarundikana. Beleshi halikanyagi pale. Reksini kwenye baridi kali hukakamaa na kupasuka, na povu likishapata mlango wa maji hunywa hadi kifuniko hakiinuliki. Ukingo ukiganda na kushikamana na jakuzi, usiubandue kwa bisibisi. Mimi hutandaza taulo lililochovywa kwenye maji ya uvuguvugu, nikaenda kukoroga chai, nikirudi umeachia.

Sasa ile safari ya kutoka mlangoni hadi majini. Kwetu ni hatua nane au kumi, na ndizo zinazowashinda wageni. Nguo ni joho la taulo, kofia ya sufu na ndala zenye meno. Kofia inabaki kichwani muda wote, kwa sababu nywele zikilowa zinaganda zikiwa kichwani, na masikio ndiyo ya kwanza kuumwa na baridi. Mwanzoni tulikuwa tunaning'iniza majoho kwenye uzio, lakini mvuke ukiyapiga yanasimama yenyewe kama mlinzi. Dawa ilikuwa lile deli tunalowekea soda za baridi wakati wa kiangazi. Linalozuia joto kuingia linalizuia pia kutoka, kwa hiyo tunapasha majoho na taulo kwenye mashine ya kukaushia nguo, tunayafungia ndani ya deli, na deli linakaa karibu na ngazi.

Njia hatuimwagii chumvi. Chumvi inakula mbao za baraza, na miguu inaibeba hadi majini inakotibua vipimo. Tunamwaga mchanga pembeni, na pale kwenye ngazi tumetandika zulia la mpira lenye matundu. Maji yanayochuruzika mwilini yanakuwa barafu kwa muda mfupi sana, na anayeteleza ni mtu anayetoka, siyo anayeingia, kwa kuwa anayetoka ana haraka na kichwa kinamzunguka kidogo.

Kitasa cha mlango tumekizungushia kitambaa. Mkono uliolowa ukishika chuma kilichopoa kiasi hicho unanata, na kuubandua si mchezo. Na kitu kinachonitisha kuliko chochote: mlango wa nyuma unaojifunga wenyewe. Fikiria umelowa chapachapa, nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri, ufunguo uko ndani. Sisi tumeondoa kabisa kile kitasa cha kujifunga, na simu inatoka nasi ikiwa ndani ya deli.

Ajabu ni kwamba kutoka majini si kubaya kama kuingia. Mishipa ya ngozi imefunguka, mwili umejaa joto, una dakika chache za kutembea kama mfalme. Upepo ndio adui. Usiku wa nyuzi 15 chini ya sifuri usio na upepo ni raha tupu. Nyuzi tano chini ya sifuri zenye upepo unaokatiza uwanja zinaudhi. Tuliongeza mbao kwenye uzio wa upande wa kaskazini-magharibi, na tofauti ilionekana jioni ileile.

Mama alipokuja kututembelea kutoka Tanga, alisimama dirishani akitazama moshi ule juu ya maji, akasema, "Mwanangu, nyinyi mtaugua kichomi." Nikamweleza kuwa kichomi huletwa na vijidudu, hakiletwi na nywele mbichi tu. "Haya, daktari," akanijibu, na ile "daktari" yake naijua. Baada ya siku kadhaa magoti yakamshawishi, maneno yangu yasingeweza. Kwa kuwa anatumia dawa za presha, tulimuuliza daktari kwanza. Maji ya moto hufungua mishipa na kushusha presha, na anayemeza dawa za kuishusha anaweza kuanguka akisimama ghafla. Akaruhusiwa maji yasiyozidi nyuzi 37, kwa dakika chache, na mtu awe naye. Hata kwa mzima, nyuzi 40, yaani 104 za Kimarekani, ndio mwisho, na robo saa inatosha kwenye joto hilo. Mjamzito tunamwambia akae pembeni atupe hadithi. Watoto wadogo hawaingii, kwani miili yao hupata moto haraka kuliko yetu. Pombe haikaribii maji yale, na hilo nalo lina wageni lililowakera.

Mama alitaka kuingia na kanga, na siwezi kumlaumu, mbele ya mkwe mtu atavaa nini? Ila kanga mpya inatoa rangi, na nguo yoyote iliyofuliwa kwa sabuni ya unga inaacha masalia yake majini. Pampu ikiwashwa, povu linapanda hadi kidevuni. Tulichagua kanga kuukuu, tukaisuuza mara kadhaa bila sabuni, ikawa ndiyo kanga ya jakuzi. Mafuta ya nazi kichwani nayo yalizua mjadala. Mafuta yanaelea, yanaweka utando kwenye kuta na kuziba chujio. Kwa hiyo kila anayeingia anapita kwanza bafuni ndani, anaoga bila kujipaka kitu, kisha anatoka nje. Kwenye baridi hiyo inasaidia kwa njia nyingine, maana unatoka ukiwa na joto tayari.

Kuhusu dawa ya maji nitasema kidogo, lakini si jambo dogo. Baridi ya nje haiui vijidudu vilivyomo kwenye maji ya nyuzi 39. Kwao huko ni Tanga. Kazini kwetu bakteria wa lejonela tunawaogopa kweli, kwa sababu husafiri kwenye matone ya mvuke hadi mapafuni, na wapo wengine wanaoacha vipele mwilini siku moja au mbili baada ya kuoga. Klorini tunaiweka isipungue 3 kwenye kipimo cha vijiti, pH, yaani kiwango cha uasidi wa maji, kati ya 7.2 na 7.8, na napima kila kabla ya kuingia hata kama vidole vinaganda. Vijiti na dawa vinakaa ndani ya nyumba, si uani.

Swali ninaloulizwa sana ni umeme ukikatika. Ulishatukatikia jioni moja ya dhoruba ya theluji, ukarudi usiku wa manane. Lita 1,400 za maji ya moto hazipoi haraka kifuniko kikiwa kimefungwa. Hatari haiko kwenye maji hayo, iko kwenye mabomba membamba na pampu zilizo ndani ya sanduku chini, ambazo zina maji kidogo tu na huganda kwanza. Umeme ukiwepo, kifaa cha kupima joto huamsha pampu yenyewe kila baada ya muda ili maji yazunguke. Usipokuwepo, hakuna wa kuiamsha. Tulichofanya ni kutofungua kifuniko hata kwa kuchungulia, tukalifunika sanduku lote kwa mablanketi na turubai juu yake, tukafunga kwa kamba. Kama ungekatika siku mbili, ningemwaga maji yote na kunyonya yaliyobaki kwenye mabomba kwa ile mashine ya kufyonza vumbi inayokubali maji. Ndiyo maana siku zote namwambia anayesafiri majira ya baridi: ama uache maji ya moto na jirani wa kulitazama, ama umwage lote na kukausha mabomba. Kulizima na kuliacha na maji ndani ni kununua pampu mpya.

Na zipo siku hatuingii. Watu wa hapa baridi zote huzilinganisha na ile ya tarehe 30 Januari 2019, Minneapolis iliposhuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri na posta ikasitisha kusambaza barua. Wakati huo tulikuwa bado tunaishi ghorofani, sikuwa na jakuzi la kunihangaisha. Sheria yetu sasa ni kwamba wakitangaza tahadhari ya baridi yenye upepo, kifuniko hakifunguliwi. Kukifungua hali ikiwa hivyo ni kumwaga joto ambalo hita itahangaika usiku kucha kulirudisha, na ngozi iliyolowa haina subira na upepo wa namna hiyo.

Mwaka huu kifuniko kimeanza kuwa kizito kwangu peke yangu, dalili kuwa povu limekunywa maji. Kipya nimeshakipimia: upana, urefu, mviringo wa kona, na upande wa kukunjia. Mume wangu ameuliza kama kile cha zamani hakiwezi kuanikwa. Hakiwezi. Nataka kipya kiwe kimefika kabla hatujamwaga maji ya Oktoba.