Leadville mwezi wa Agosti: punda, nyundo na hewa nyepesi

Kila mwaka, wikendi ya kwanza kamili ya Agosti, mji wa Leadville katika jimbo la Colorado hufunga barabara yake kuu, Harrison Avenue, kwa sherehe za Boom Days, za kukumbuka enzi za neema ya migodi. Kutoka Denver au Aurora ni kama kilomita 160, saa mbili za gari. Ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki na Kongo wanaoishi huku eneo la Denver hukaa miaka bila kuufika, na ni hasara. Katika sherehe zote za kiangazi za milima hii, hakuna inayomgusa zaidi mtu aliyekulia jirani na migodi ya Geita, Mirerani, Kolwezi au Likasi. Kinachochezwa pale kama mchezo ni kazi ambayo kwetu hadi leo inalipa ada za shule.

Mji wenyewe ulianza kwa dhahabu ya California Gulch, mwaka 1860. Wachimbaji wa mwanzo walikuwa wakilalamikia mchanga mweusi mzito ulioziba mifereji yao ya kuoshea. Katikati ya miaka ya 1870 mchanga ule ulipopimwa ikaonekana ni madini ya risasi (lead kwa Kiingereza) yaliyochanganyika na madini ya fedha, na ndiyo maana mji ukaitwa kwa jina la risasi na si la dhahabu. Mwaka 1879 Horace Tabor, tajiri wa migodi ya fedha, alijenga jumba la opera ambalo bado limesimama Harrison Avenue. Mwaka 1893 serikali ya Marekani ikaacha kununua madini ya fedha kama ilivyokuwa ikifanya, bei ikaporomoka, na Tabor akafilisika pamoja na nusu ya mji. Baadaye mgodi wa Climax, ulio juu kidogo njiani, ukawalisha watu kwa molibdenamu, madini ya kuimarisha chuma cha pua. Miaka ya 1980 nao ukasimama, maelfu wakapoteza kazi. Mashindano ya mbio za maili 100 yaliyoanzishwa mwaka 1983 yalitokana na shida hiyo hiyo: mji ulihitaji wageni wanaolala, si wanaopita.

Kabla ya punda na nyundo, tuzungumze hewa, maana ndiyo inayoharibu safari za wengi. Leadville iko karibu mita 3,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa anayejua Kilimanjaro, ni katikati ya Mandara na Horombo, na watu wanaishi pale mwaka mzima. Iten, anakofanyia mazoezi mwanariadha wa Kenya, iko mita 2,400. Oksijeni unayoivuta Leadville ni pungufu kwa karibu asilimia 30 ukilinganisha na ya Mombasa au Dar es Salaam. Kuishi Denver kunasaidia kidogo, lakini Denver ni mita 1,600 tu, nusu ya njia. Mtu anapanda asubuhi, anatembea juani, mchana kichwa kinagonga na chakula hakishuki. Ukiweza, lala usiku mmoja Buena Vista, iliyo upande wa kusini, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 2,400, halafu panda asubuhi. Kunywa maji mara kwa mara, acha pombe siku ya kwanza, usikimbize watoto. Kichwa kikiuma ukapumzika na hakitulii, au mtu akianza kuyumba na kuropoka, dawa ni kushuka. Msisubiri kesho.

Hapa kuna jambo ambalo vipeperushi vya utalii havilisemi, na kwetu ni zito. Watu wengi wa pwani, wa Kanda ya Ziwa na wa Kongo wana kinasaba cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, bila kujua, kwa sababu mwenye kinasaba kimoja tu huishi bila kuumwa. Katika mwinuko kama huu, hasa akifanya kazi nzito, damu inaweza kukwama kwenye wengu. Dalili yake ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, pengine na kutapika. Ukiyapata, shuka na uende hospitali, na umwambie daktari moja kwa moja kwamba unatoka katika jamii yenye selimundu, kwani bila hilo anaweza kufikiria tumbo au misuli. Na mwenye ugonjwa wenyewe asipande kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Sasa punda. Mbio za kukimbia na punda wa mizigo zimekuwepo tangu 1949, zilipoanza kwa kuvuka mlima kutoka Leadville hadi mji wa Fairplay. Mwaka 2012 jimbo la Colorado liliutangaza kuwa mchezo rasmi wa urithi wa kiangazi. Fairplay hufanya mbio zake mwishoni mwa Julai, Leadville hufuata siku ya Jumapili ya Boom Days, kisha Buena Vista. Njia ndefu ya Leadville ni takriban kilomita 34, nayo hupanda hadi Mosquito Pass, zaidi ya mita 4,000, na kurudi mjini.

Mtu wa Lamu atashangaa kwanza kwa jambo moja: hapandi mtu. Lamu mwanariadha hukaa mgongoni bila tandiko na kupasua barabara ya ufukweni. Hapa mkimbiaji na punda wanakwenda kwa miguu yao, wameunganishwa kwa kamba isiyozidi futi 15, yaani mita nne na nusu. Kanuni zinamruhusu binadamu kumsukuma punda, kumvuta, hata kumbeba akiweza, lakini punda hambebi yeye. Mgongoni anabeba tandiko lenye sururu, koleo na karai la kuoshea dhahabu, na mzigo wote usipungue ratili 33, sawa na kilo 15. Fimbo na vyombo vya kumchoma mnyama ni marufuku, na daktari wa mifugo humkagua kabla ya mbio. Punda akikuponyoka, unatakiwa kumkamata na kurudi naye mpaka pale alipokuponyoka. Tumezoea kusema afe punda mzigo ufike. Katika kanuni hizi punda ndiye anayelindwa, na anayejitesa ni mtu.

Kasi si kila kitu hapo, na mara nyingi mbio huamuliwa na mambo mawili. La kwanza ni kufunga mzigo. Aliyewahi kufunga shogi, mfuko wa mizigo wa punda, anajua kwamba upande mmoja ukizidi hata kilo moja, baada ya mwendo tandiko linazunguka na kuning'inia tumboni, mnyama anashtuka na kutimua. Tena punda hujaza tumbo hewa wakati wa kufungwa, kwa hiyo mkanda unaoonekana umekaza pale mwanzo unalegea ndani ya kilomita ya kwanza. Wazoefu husimama mapema na kuukaza upya. Wageni huona wanapoteza muda, wakaupoteza zaidi mbele. La pili ni mahali pa kukaa. Ukitangulia na kuvuta kamba, punda anagoma. Ukikaa karibu na bega lake, nyuma kidogo, anakwenda, kwa kuwa anahisi anaswagwa na bado anaona njia mbele. Vijito, madaraja na hata mistari iliyopakwa rangi barabarani humsimamisha, maana anataka kuhakikisha anapokanyaga. Hapo subira ndiyo mbinu. Mwenzake akivuka mbele yake, naye hufuata.

Watazamaji simameni kando, hasa kona za mwanzo ambapo punda wengi wamebanana. Asante ya punda ni mateke, na mtoto mfupi kichwa chake kiko usawa wa kwato zinaporuka.

Mashindano ya uchimbaji ndiyo yenye utamu kwa anayejua kazi. Jiwe kubwa la graniti linawekwa wazi, na mshindi ni aliyetoboa shimo refu zaidi katika muda uliowekwa. Kuna la mtu mmoja, mkono huu nyundo ya ratili 4, mkono ule tindo, au moko kama wanavyoita wanaapolo, yaani wachimbaji wa Mirerani. Kuna la watu wawili: mmoja anashika na kuzungusha tindo, mwenzake anapiga kwa nyundo ya ratili 8, kisha wanabadilishana bila kupoteza mdundo. Vidole vya anayeshika viko sentimita chache tu kutoka kwenye nyundo, kwa hiyo tazama jinsi wanavyoaminiana.

Angalia safu ya tindo zilizopangwa chini. La kwanza ni fupi na lina ncha pana kuliko yote. Kila linalofuata ni refu zaidi, lakini ncha yake ni nyembamba kidogo. Sababu ni kwamba ncha inalika kadiri inavyopigwa, na shimo linazidi kuwa jembamba linavyokwenda chini. Ukikosea mpangilio, ukaingiza pana baada ya nyembamba, tindo linanasa, na kulinasua kwa kuligongagonga ubavuni kunakula muda wote uliobaki. Mapigo ya mwanzo ni mepesi, ili kuweka ukingo. Baada ya kila pigo tindo linazungushwa kidogo, kama sehemu ya nane ya duara. Bila hivyo shimo linakuwa na pembe badala ya kuwa mviringo, na ncha inakwama. Maji yanamiminwa ili unga wa mawe upande juu kama uji. Sikiliza: mlio mkali wa chuma unamaanisha ncha inauma jiwe; mlio ukififia na kuwa mzito, unga umejaa shimoni. Zamani shimo kama hilo lilijazwa baruti. Wachimbaji wadogo wa kwetu hawahitaji kuelezwa hayo.

Ukiona kokoto na makarai ya watoto kuoshea dhahabu, na katika miji hii hayakosekani, mwelekeze mwanao vizuri. Jaza karai theluthi mbili, lizamishe lote, vunja madongo ya udongo kwa vidole kwa sababu yanaondoka na chembe. Litikise kushoto na kulia likiwa limekaa sawa ili kizito kishuke, ndipo uliinamishe kidogo na kuacha maji yachukue kilicho juu. Kosa la kila anayeanza ni kuliinamisha kabla ya kutikisa. Ukibakiwa na mchanga mweusi, punguza maji na uzungushe taratibu. Chembe ya njano itabaki nyuma yake. Zebaki haitumiki hapa, na ningependa watoto wetu walione hilo mapema.

Kwa familia yenye kigari cha mtoto au baiskeli, kuna njia ya lami iitwayo Mineral Belt Trail, kilomita 18.7 kuuzunguka mji, bila kiingilio, ikipita katikati ya migodi ya kale na majengo yake ya mbao. Msitoke njiani. Mashimo mengine ya zamani yamefunikwa na mbao zilizooza, na ndani hewa yaweza kuwa haina oksijeni ya kutosha. Vilima vya vifusi vina risasi. Watoto wasivichezee, na wanawe mikono kabla ya kula. Anzeni asubuhi. Julai na Agosti radi hupiga karibu kila alasiri, kwa hiyo ikifika saa sita mchana msiwe juu ya mstari wa miti, yaani kule juu ambako miti haioti tena. Bebeni sweta na koti la mvua hata kama Aurora mmeacha jua kali. Usiku joto laweza kushuka hadi nyuzi 4 au 5.

Chakula kina mtihani wake. Kwa mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi, si 100. Maharage yatatokota mchana kutwa na bado yatakuwa magumu, labda uwe na sufuria ya presha. Ni bora yaive nyumbani na yapashwe moto tu. Mchele uloweke kwanza, ongeza maji kidogo na dakika kama 10. Ugali unahitaji kusongwa muda mrefu zaidi, la sivyo unabaki na ladha ya unga. Nyama choma ya mkaa isahau mpaka usome tangazo la moto la kaunti, kwani wakati wa ukame mkaa na kuni hupigwa marufuku na faini ni kubwa. Jiko la gesi lenye kizimio kwa kawaida linaruhusiwa.

Tengeni saa moja kwa makaburi ya Evergreen, ukingoni mwa mji. Katika sehemu ya maskini, chini ya misonobari, wamezikwa watu zaidi ya 1,300, wengi wao Waayalandi waliokuja kuchimba fedha, vijana sana, na watoto wao. Hawakuwa na mawe ya majina. Ardhi imebonyea tu, bonde dogo baada ya bonde dogo. Majina yalitafutwa katika kumbukumbu za zamani, na mwaka 2023 ukumbusho wenye majina hayo ukazinduliwa. Jamii zetu huku hupitisha mchango kila mara ili kurudisha mwili nyumbani au kununua kaburi, na wapo wanaonung'unika kwamba michango imezidi. Tembeeni kati ya yale mabonde kimya kimya, mkiwa na watoto, muwasomee majina.

Kurudi Jumapili jioni barabara ya I-70 kuelekea Denver husimama kwa saa nyingi. Ama muondoke kabla ya saa tano asubuhi, ambapo mtakosa wanaomaliza mbio, ama mpitie kusini: barabara ya 24 hadi karibu na Buena Vista, kisha 285 kupitia Fairplay. Ni ndefu zaidi, lakini inatembea. Kwenye miteremko wekeni gia ndogo mapema. Anayeshuka kwa breki tupu huzinusa zikiungua kabla hajafika chini.