Moyo wa Mjomba Bwawani

Mjomba alikuja Nairobi kwa harusi, nasi tukamteka. Kazi yake ni kupiga mbizi, husugua matumbo ya meli Kilindini, na mimi na mwenzangu tulikuwa na mradi wa chuo uliohitaji mtu asiyeogopa maji. Tukampeleka bwawani Kasarani, katikati ya Julai, siku ya baridi na mawingu.

Kifaa chenyewe kilikuwa mkanda wa kifuani wa kusoma mapigo ya moyo. Bluetooth haikufaa, maji huyameza mawimbi yake ndani ya sentimita chache. Sauti ndiyo husafiri humo, kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Basi tulinunua Luthuli Avenue vile visahani vya shaba vya kwenye ving'ora vidogo, tukavifunika kwa gundi, kila pigo la moyo litoe mlio mmoja majini, na kisahani kingine majini kiusikie na kuupeleka kwenye kompyuta.

Mjomba alitutazama akasema, "Mpwa wangu, sisi twavutiana kamba tu."

Tukamfunga na kamba pia. Alipoingia majini, akishikilia ukingo, moyo wake ulisoma mapigo 88 kwa dakika. Akavuta pumzi, akazama bila mtungi wa hewa. 79. 70. 63. Mwenzangu akaanza kugonga kompyuta kwa kiganja, dawa ya Wakenya kwa kila mashine. Nikavuta kamba mara moja, kumuuliza kama yu salama. Ikajibiwa mara moja. 58.

Dada yake mwenzangu, nesi, aliyekuja kuota jua lisilokuwepo, ndiye aliyetutuliza. Mjomba alipoibuka alimsimamisha karibu na ukingo, maji yakimfika mabegani, akamwambia atie uso majini na kushika pumzi, huku yeye amemshika kifundo cha mkono na macho yakiwa kwenye saa. Midomo yake ilihesabu kimyakimya. Hesabu yake na ya kompyuta zikakaribiana sana. Uso ukikutana na maji baridi na pumzi imefungwa, alieleza, neva hupunguza mwendo wa moyo na mishipa ya damu ya mikononi na miguuni hubana ili oksijeni ibaki kwa ubongo na moyo. Hata sili, wale wanyama wa baharini, wana hali hiyo, tena kutushinda.

Tulishangilia kama watoto. Mjomba, taulo begani, hakushangilia.

"Na hizi namba atazisoma nani? Mwenye kazi?"

"Msimamizi wako, mjomba. Kwa usalama wako."

"Siku moyo umeenda mbio kidogo, ataniacha nchi kavu. Na nchi kavu silipwi."

Swali hilo halikuwamo kwenye ripoti yetu. Mwenzangu alitaka tuliache. Mimi niliandika ukurasa mzima.