Abdul wa nani?

Mwanangu ana miaka saba, na tangu aanze darasa jipya Septemba hapa Leicester, Uingereza, anaitwa Abdul. Kwenye ndoano anapotundika koti, Abdul. Kwenye daftari la hesabu, Abdul. Jina lake ni Abdurahmani, la baba yangu mzazi, ndiyo maana mimi humwita "baba", na mama yangu akipiga simu kutoka Tanga humwita "mume wangu".

Mwalimu wake ni mtu mwema, hakukusudia ubaya. Aliona jina refu, akalikata pale alipodhani linakatika. Kumbe halikatiki hapo. "Abdu" ni mja, mtumwa. Ile "l" ni ya neno linalofuata, al-Rahman, na ikikutana na herufi ra haitamkwi kabisa. Ukisema Abdul ukanyamaza, umesema "mtumwa wa" halafu ukamwacha mtoto mlangoni, haijulikani ni wa nani. Najua hata kwetu kina Abduli wamejaa mitaani. Lakini kwetu kila mtu anajua kilichobaki, na mwenye jina anakijua. Huku mwanangu alishaanza kusahau. Jioni moja akaniambia: "Mama, jina langu la kweli ni Abdul. Lile refu ni la bibi."

Usiku ule nilikaa naye kitandani. Nikamwambia kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema majina yanayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni Abdallah na Abdurahmani. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim. Rahmani ndiye mwenye rehema inayomfikia kila kiumbe, anayemwamini na asiyemwamini. Mtu hapaswi kuitwa Rahmani peke yake. Mtu huwa mja wake tu.

Kisha nikamwambia kuwa rehema na rahimu, yaani tumbo la uzazi, ni maneno ya shina moja la Kiarabu. Hapo sauti ilinikatika. Nilimzaa mbali na mama na dada zangu, hakuna wa kunikanda kwa maji ya moto wala wa kunipikia uji wa pilipili manga katika arobaini yangu. Baba yake alimwadhinia sikioni palepale hospitali, kwa sauti ya chini, nesi amesimama kando anangoja. Siku ya saba tukampa jina. Hilo jina ndilo kitu pekee cha nyumbani alichovishwa siku ile.

Akaniuliza kama kuna Abdurahmani mwingine zaidi ya babu. Nikamsimulia Abdurahmani bin Auf, aliyekuwa na jina jingine kabla ya Uislamu, Mtume akambadilishia. Alihama Makka akafika Madina hana kitu. Mwenyeji wake, Saad bin Rabii, akataka kumgawia nusu ya mali yake. Akamshukuru, akamwombea baraka, kisha akasema: nionyesheni soko. Alirudi na samli na jibini, akaendelea hivyo hivyo mpaka akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa masahaba. Kisa hiki nilikisikia chuoni utotoni kikapita tu. Nimekuja kukielewa huku, nilipofika na sanduku moja nikaanza kuulizia kazi.

Jumatatu nilimwandikia mwalimu jina kwa silabi: Ab-du-rah-ma-ni. Akalisoma polepole, akalirudia mpaka likakaa, akaomba radhi na kubadilisha kadi ya kwenye ndoano mbele ya mtoto.

Jumamosi mama akapiga.

"Mume wangu hajambo?"

"Sijambo, bibi. Shikamoo. Mwalimu sasa ananiita Abdurahmani." Akalitamka zima, akaivuta ile ra. Kisha akauliza: "Bibi, babu naye alikuwa anauza samli?"

"Samli hapana, mume wangu," mama akamjibu. "Babu yako aliuza dagaa, soko la Ngamiani."