Arigoni ya angani si hii tunayoivuta Dodoma

Anayekokotoa spektra (mistari ya mawimbi ambayo molekuli hutoa) ya ArH⁺, yaani arigoni iliyoungana na hidrojeni, kwa mara ya kwanza huteleza mapema sana. Programu nyingi za kemia humpa arigoni-40, aina nzito ya arigoni (namba huonyesha uzito wa atomu), bila kuulizwa, naye huipokea.

Tazama majabali ya itale kwenye vilima vya Dodoma. Ndani yake mna felispa yenye potasiamu, na sehemu ya potasiamu-40 huoza polepole kuwa arigoni-40. Miamba ya namna hiyo, kwa mabilioni ya miaka, ndiyo iliyofanya zaidi ya asilimia 99 ya arigoni ya hewani iwe arigoni-40. Inayopikwa ndani ya nyota ni arigoni-36 hasa. Kwa hiyo andika 36 kwa mkono wako, na usisahau chaji ya +1, kwani ArH isiyo na chaji haishikamani.

Sasa hesabu. Zidisha uzito wa arigoni, 35.9675, kwa wa hidrojeni, 1.00783, gawanya kwa jumla yao: 0.9804. Umbali kati ya atomu mbili ni angstromu 1.2804. Gawanya namba isiyobadilika 505.379 kwa 0.9804, kisha kwa mraba wa umbali huo. Unapata B, kipimo cha mzunguko wa molekuli, ya GHz 314.4. Mstari wa kwanza wa spektra ni 2B, yaani GHz 628.9.

Mstari halisi uko GHz 617.525. Umekosea kwa GHz 11! Umbali ule ni wa molekuli iliyotulia, na hidrojeni haitulii hata kwenye baridi kali. Hutetemeka, na kwa kuwa kifungo huvutika kirahisi kuliko kinavyobanwa, wastani wa umbali huongezeka. Kokotoa mtetemo kwanza. B itashuka hadi 308.80. Halafu toa mnyumbuko wa mzunguko (molekuli huvutika inapozunguka), D ya 0.0184: mstari wa kwanza ni 2B−4D, wa pili 4B−32D, karibu 1,234.6.

Ukibaki na arigoni-40, mstari wa kwanza unaangukia 615.86. Gesi inayokwenda kasi nayo husogeza mstari, na tofauti hiyo ni sawa na mwendo wa kilomita 810 kwa sekunde. Katika Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota iliyolipuka, ambako gesi hutawanyika kwa zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde, kosa hilo hujificha vizuri likaonekana kama mwendo tu. Ndiko darubini ya angani ya Herschel ilikoinasa molekuli hii, matokeo yakachapishwa 2013.

Kutoka Dodoma mstari huo wa kwanza haunaswi, hata Agosti anga likiwa kavu: mvuke wa maji una mstari wake 620.7, jirani kabisa, na mji uko mita 1,100 hivi tu juu ya usawa wa bahari.